Desibeli Moja ya Mukurweini

Miaka ya sabini ofisi yetu pale Nyeri ilininunulia kipima sauti, nami nikajiona profesa. Kilikuja na kopo dogo la chuma linalotoa mlio usiobadilika. Kabla ya kupima, unachomeka maikrofoni ndani ya kopo, unaliwasha, unazungusha skrubu hadi mshale usome namba iliyoandikwa kwenye kopo. Sandukuni mlikuwa pia na kipimahewa, kitu cha mviringo chenye uso kama wa saa. Mimi na hali ya hewa wapi na wapi? Nilikitundika sebuleni, nikawa natabiria wageni mvua.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Mukurweini. Mama mmoja mjane alikuwa na kisiagi, mashine ya kusagia mahindi, na walimu wa shule jirani walilalamika kwamba injini inameza masomo. Kaunsil ya wilaya ikaweka kiwango cha kelele: injini ikikipita, inafungwa. Nikafika na tai, ati mpimaji! Nikazungusha skrubu, nikapima. Ikapita kwa desibeli moja.

“Watoto wangu wanasoma hapo,” mama akasema. “Hakuna siku wameniambia hawasikii mwalimu. Hiyo kipimo yako inadanganya.”

“Mama, chombo hakina ukoo na mtu,” nikamjibu. Lo! Maneno hayo yananichoma hadi leo. Kisiagi kikafungwa jioni hiyo hiyo.

Miezi mitatu baadaye, fundi mmoja mzee aliyewahi kunifundisha kazi alikuja kwangu kunywa chai. Akaona kipimahewa ukutani.

“Hiki kinafanya nini hapa?”

“Kinatabiri mvua.”

Akanitazama kwa huruma. Namba ya kwenye kopo, akanieleza, ni ya hewa nzito ya pwani. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na mlio wa kopo hupungua karibu desibeli mbili. Usiposoma kipimahewa na kuzitoa hizo mbili kwenye namba ya kopo, unakaza skrubu kupita kiasi, na kila kelele inasomeka kubwa kuliko ilivyo. Chai ikanipalia. Mtoto niliyezaliwa chini ya Mlima Kenya, nimesahau kwamba naishi mlimani!

Kesho yake nikapeleka mwenyewe barua ya kufungua kisiagi. Nilikuta sakafu tupu na boliti nne zimechomoza kwenye simiti. Injini ilikuwa imeuzwa Kagio. Nikamweleza mama yote, kopo, hewa na ujinga wangu. Akaikunja barua bila kuisoma, akanionyesha gunia la mahindi mlangoni.

“Beba. Siku hizi tunasagia ng’ambo ya kilima.”

Nikabeba. Kabla ya kufika nusu ya kilima nilikuwa nahema, tai imenikaba, nikaomba tupumzike.

“Pumzika tu,” akasema, akijifunga kamba ya gunia kichwani na kuliinua mgongoni. “Mimi napanda hapa kila Jumamosi tangu uje kunipimia.”

Akatangulia.