Bwawa Lililoelekea Chumba cha Mama

Mume wangu ndiye aliyetaka bwawa la kuogelea. Mimi nilitaka nyasi tu, na maua pembeni mwa njia ya gari, ili nikifungua geti nisikute vumbi la Kahama limenitangulia ndani. Lakini yeye anafanya kazi mgodini kule Bugarama, anakuja nyumbani zamu yake ya mapumziko ikifika, na huko kambini alishawaona wageni wakielea kwenye maji ya buluu siku za Jumapili. Akasema akistaafu anataka na yeye aelee kwake. Nilimkumbusha kwamba hajui kuogelea. Akajibu kwamba atajifunza, kwani bwawa si litakuwa lake.

Fundi tulimpata kwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwanamama mwalimu mstaafu, ambaye tayari alikuwa anatengenezewa bustani. Fundi huyo alikuwa mtu wa maneno matamu, shati limenyooka, simu imejaa picha za mabwawa ambayo alisema ameyajenga Mwanza. Alijiita mkandarasi. Alipima ua wetu, akapiga vigingi, akazungusha kamba, akaahidi kwamba bwawa litakaa nyuma ya nyumba, mbali na ukuta, na kabla ya mvua kuanza tutakuwa tunaogelea.

Nilimpenda, sioni aibu kusema. Kabla hajaondoka alimwamkia mama yangu kwa Kisukuma, na mama, ambaye hapa mjini anapata watu wachache wa kuongea naye lugha yake, alimshika mkono akawa hataki kumwachia.

Mama nilimtoa kwake Mhunze baada ya macho yake kuanza kufifia na mguu kumsumbua. Hakuja kwa hiari. Alipofika alipita chumba hadi chumba akipapasa kuta, mwishowe akachagua cha nyuma, cha kona, kwa sababu dirisha lake liko karibu na uchochoro ambao watu hupita wakienda sokoni. Akisikia hatua anasema "Mwangaluka," na anayepita lazima asimame aitikie. Saa nne haijafika, mama anajua nani anaumwa, nani ameposwa na nani ameuza ng'ombe bila kumwambia mkewe. Mimi nina duka la vitambaa katikati ya mji na sijui nusu ya hayo.

Vijana wa kuchimba waliletwa kutoka Kharumwa. Walikuwa wachapakazi kwelikweli, siwezi kuwasingizia, kwa sababu walikuwa wametumia miaka yao yote kwenye machimbo ya dhahabu. Siku za mwanzo shimo lilikwenda vizuri, pana na la pembe nne kama kamba ilivyoonyesha. Kisha asubuhi moja nikiwa jikoni nikasikia sululu zimenyamaza zote kwa pamoja. Nikatoka kuangalia. Wote walikuwa wameinama mahali pamoja, na mmoja wao ameshika jiwe jeupe, analitemea mate na kuligeuzageuza juani.

Hapa kwetu, kuanzia Kahama mpaka ufike Geita, hakuna mtu anayeokota jiwe jeupe akaliacha kavu. Atalitemea mate au atalilamba, halafu ataliinua juani atafute kinachong'aa. Nilijua palepale kwamba nimeshapoteza bwawa. Sikujua kama kuna kingine cha kupoteza.

Tangu siku ile waliacha kuchimba upana. Mshipa wa lile jiwe ulikuwa umelala kwa mshazari, ukielekea kwenye nyumba, na wao waliufuata kama walivyozoea kule walikotoka. Shimo likawa na shingo, na shingo ile ikaanza kuingia chini kwa chini upande wa chumba cha mama. Jioni moja nilirudi dukani nikakuta wamesimamisha magogo humo ndani kuzuia udongo usiporomoke. Nikawauliza bwawa gani la kuogelea linawekewa matimba. Walicheka kwa adabu, wakaniambia nimuulize bosi wao.

Bosi wao nilimpigia. Akasema wanatafuta udongo mgumu ili bwawa lisije likavuja. Nilipomwambia kwamba nimemwona kwa macho yangu akipakia viroba vya mawe kwenye pikapu yake kuvipeleka kwenye karasha vikasagwe, akasema mtandao unasumbua, hanisikii vizuri. Kuanzia hapo kila nikipiga alikuwa njiani. Alikuwa njiani asubuhi, alikuwa njiani mchana, na sijawahi kuona mtu mwenye safari ndefu namna ile ndani ya mji mmoja.

Jirani yangu naye alikuwa amekasirika, maana vijana wote walikuwa wamehamia kwenye shimo langu na miche yake ya nyasi inakaukia kwenye viroba getini. Alikuja kwangu tukagombane na fundi kwa pamoja. Fundi hakuwepo, kwa hiyo tukaenda kulitazama shimo. Mwalimu yule, mtu aliyefundisha watu tabia njema maisha yake yote, aliinama akaokota kipande cha jiwe, akakilamba. Nilimtazama tu. Akakirudisha chini taratibu, akajifuta midomo kwa kanga.

Tulipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa. Siku ya kikao fundi alifika, tena amenukia, akakubali makosa yote kabla hata hajaulizwa. Mwenyekiti alimkaripia, akamwambia kuchimba madini bila leseni ni kosa, akaagiza shimo lisiguswe na mtu yeyote mpaka akae nasi tena. Kisha akaomba aone hilo jiwe lenyewe, akaliweka mfukoni mwa koti, akasema ni kielelezo. Usiku ule nilimsimulia mume wangu kwenye simu nikitegemea atawaka. Badala yake akauliza, "Na kama ipo?"

Nilimkatia simu.

Haikuwepo. Kilichotoka kwenye karasha hakikutosha kuziba hata tundu la jino, na habari hiyo ilipofika, vijana wakaondoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiniaga kwa heshima. Fundi aliacha kabisa kupokea simu. Nikabaki na shimo lile, na mawingu yanaanza kujikusanya upande wa Geita, na mama yangu amelala juu ya udongo ambao chini yake ni tupu.

Nilimwomba ahame. Nilianza kwa upole, nikaja kwa ukali, nikaishia kulia. Chini ya dirisha lake kulikuwa kumetokea ufa mwembamba, nikauchukua mkono wake nikaupitisha juu ya ufa ule ili auhisi mwenyewe. Akauhisi. Akasema nyumba yake ya Mhunze ilikuwa na nyufa ambazo mjusi anaingia na kutoka, na imesimama.

"Nimehama kwangu kwa sababu yako," akaniambia. "Sihami tena."

Mume wangu alisema tumngoje mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amesafiri kwenda msibani. Nikaona hakuna njia nyingine, aliyechimba ndiye atakayefukia, na atafukia kabla ya mvua nikimshika mahali panapouma. Alikuwa ameacha kwetu pampu ya maji, kubwa, mpya, ambayo alikuwa akijivunia kila mahali. Niliiburuta kutoka stoo mpaka chumbani kwa mama nikaisukuma chini ya kitanda chake, kwa kuwa hakuna mlinzi anayemshinda mama, yeye hatoki. Nikamtumia fundi ujumbe kwamba pampu yake iko salama, na ataipata siku atakayoleta lori la udongo. Siku hiyo simu yangu ililia kabla sijaiweka chini. Alinibembeleza, akanitisha na polisi, akabembeleza tena. Nikamwambia mimi niko njiani, nikakata.

Mvua ilikuja mchana, nikiwa dukani. Siyo manyunyu ya kufungulia msimu, ilikuwa mvua hasa, mitaro ikajaa mara moja na wateja wakabaki wamesimama ndani wakiangalia nje. Nilikuwa nakunja kitambaa jirani aliponipigia. Alisema, "Rudi nyumbani, ukuta wa nyuma umeanguka," na simu ikakatika.

Bodaboda walikuwa wamejificha kwenye vibaraza, hakuna aliyekubali kutoka. Nilivua viatu nikakimbia. Nilipita mji mzima wa Kahama peku, mtu mzima mwenye wajukuu, nikimtukana fundi kwa sauti, nikimtukana mume wangu, nikimtukana mwenyekiti na jiwe lake mfukoni, na katikati ya matusi hayo nikimwomba Mungu kama vile ni mazungumzo yaleyale. Nilikuwa nimeshamwona mama chini ya udongo. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza nitawaambia nini ndugu zangu wa Mhunze, walioniambia tangu mwanzo nimwache alipo.

Nilipozunguka nyuma ya nyumba, kona ile haikuwepo. Mabati yalikuwa yananing'inia, na kitanda cha mama kimezama kwenye tope mguu mmoja juu. Nilimwita mama, "Mayu!" na kuanza kuteremka. Udongo ulikuwa unateleza chini yangu, nami sikuacha kushuka. Nilishika blanketi lake nikalivuta, likaja lenyewe, jepesi.

Ndipo nikamsikia jirani yangu akiita kutoka ng'ambo ya barabara, nadhani si kwa mara ya kwanza. "Yuko huku! Mama yako yuko huku!"

Nilivuka barabara nikiwa nimepakaa tope mpaka kwenye nywele. Barazani kwa mwalimu, mama alikuwa amekaa kwenye mkeka amevaa koti la mwanamume, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Pembeni yake amechuchumaa fundi, ameloa chapachapa, kiatu kimoja mguuni na kingine hakionekani. Kwenye paji la uso alikuwa na nundu.

Jirani ndiye aliyenieleza, kwa kuwa fundi alikuwa anatetemeka. Alikuwa amekuja kuichukua pampu yake akijua niko dukani na mvua imefungia watu ndani. Alimdanganya mama kwamba nimemtuma mimi. Mama akamfungulia, wakaamkiana vizuri, yeye akaingia chini ya kitanda kuivuta pampu, na huko chini akakuta sakafu imepasuka na maji yanachuruzika kuingia kwenye huo mpasuko. Akaiacha pampu. Alimwambia mama watoke, mama akasema hahami. Alimwambia tena, mama akamtandika fimbo ya kutembelea kichwani. Basi fundi akamgeuzia mgongo, akambeba kwa nguvu huku anapigwa, na walikuwa hawajafika getini waliposikia kishindo.

Nilipiga magoti mbele ya mama. Kwetu mtoto wa kike humwamkia mzazi kwa magoti, nami nafanya hivyo kila asubuhi bila kufikiri. Nikashika vidole vyake. Vilikuwa na joto la uji.

"Mimi umeniamkia asubuhi," mama akasema. "Geukia huko."

Nilikuwa na maneno niliyomwekea yule mtu kwa majuma mengi. Niliyapanga nikiwa dukani, nikayapanga nikiwa napika, mengine yalikuwa mazuri sana. Niligeuka nikiwa bado nimepiga magoti, watu wamejaa kibarazani wananitazama, na hakuna hata moja lililonijia.

"Wabeja," nikamwambia. Asante.

Hakuniangalia. "Nilikuja kuiba pampu, mama," akasema.

"Najua," nikasema. Nikaanza kulia mbele za watu, kilio kirefu cha raha, nacheka humohumo, mpaka mwalimu akaniletea uji na mimi.

Mume wangu alikuja kesho yake na malori ya udongo, na hakuniuliza tena kama ipo. Fundi alikuja pia, bila kupigiwa simu, akiwa na vijana wawili. Alisimama pale siku nzima akisimamia kila koleo, udongo ukashindiliwa mpaka ukalia. Pampu iko huko chini, hakuna aliyeitaja. Ndiyo kazi pekee aliyotumalizia. Jirani yangu mpaka leo hajaotewa na nyasi, na akimwona barabarani anamfokea kama kawaida, nami nasimama kando naangalia upande mwingine. Bwawa hatuna. Mume wangu anasema hata hivyo maji ya baridi yana madhara kwa mifupa.

Mama tumemjengea chumba kingine upande wa mbele. Hakipendi. Rangi inanuka, godoro ni laini mno, mlango unafungukia upande mbaya, na yule aliyepaua hana akili. Kila asubuhi napiga magoti namwamkia, anaitikia, halafu anaanza: rangi, godoro, mlango, aliyepaua. Chai inapoa, duka linachelewa kufunguliwa, na mimi sinyanyuki mpaka amalize.