Mpelelezi wa Mji wa Kinamasi

Miaka ile baada ya vita nilikuwa mfasiri wa filamu katika kibanda cha video pale Bwaise, mtaa wa Waganda, nikizisimulia kwa Kiganda kwenye maikrofoni. Filamu za wapelelezi zilinichosha: wazungu wanavuta sigara gizani, wanauana bila haraka, na watazamaji wanasinzia. Nikaanza kuzitia mizimu. Mji wa mpelelezi nikaufanya mji wa kinamasi, ambako waliouawa hurudi, na sheria ni moja tu: ukimuua aliyerudi, unachukua nafasi yake. Kibanda kikajaa pomoni.

Mchana mmoja maji ya mvua yalifurika mtaani. Sufuria zikaelea kutoka nyumba hadi nyumba, kama kawaida yetu. Jirani yangu, fundi viatu Mkongomani, aliifukuza yake mpaka ikaingia mlango wa mtu. Alipotoka nayo, mwenye nyumba akapiga ukelele, "Mubbi!" Mwizi. Fundi hakujua Kiganda. Alijitetea kwa Kiswahili, na kwa watu wale Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi waliowapora. Hapo alijimaliza kabisa.

Tofali la kwanza lilimvunja taya. La pili lilimpata jichoni. Watazamaji wangu, waliokuwa wakicheka nami muda mfupi uliopita, walitoka mbio kwenda kupiga. Mmoja alimkanyaga vidole mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Mwingine alikuja akibiringisha tairi, akiulizia petroli. Niliwachukia. Ningejitosa kati yao tungekufa wawili, kwa hiyo nikakamata maikrofoni. Spika ilikuwa nje, juu ya mlango.

Nikasema kwa Kiganda, kwa sauti ya yule mpelelezi, "Mpigeni tu. Huyo alishakufa jana. Atakayemmaliza leo ndiye atakayelala kinamasini."

Mikono ikashuka. Tairi likaachwa majini.

Fundi alipona, ila jicho lilikwenda. Hakuna aliyempelekea kiatu tena, na akina mama waliwavuta watoto wao akipita. Akaja kibandani, taya imepinda, akasimama mlangoni.

"Ndugu yangu," akaniambia, "sasa uwaambie kama mi ni mutu."

Nikawaambia, kabla ya filamu, kwa sauti yangu mwenyewe: huyu ni mtu, ni jirani yetu, anashona viatu. Wakapiga makofi, wakasubiri niendelee na hadithi. Kesho yake nikarudia. Siku ya tatu walikuwa wamekwisha kuyakariri maneno, wakayaitikia pamoja nami, wakicheka.