Taa za Shemeji

Mimi nafua mashuka ya hospitali. Naanza na hilo ili ujue kwamba si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Yaliyopita mikononi mwangu kabla ya kuingia kwenye mashine sitayataja, maana huenda unakula. Kwa hiyo nikikuambia kwamba kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja alinitia kinyaa, elewa kwamba sitii chumvi.

Lakini habari hii ni ya mume wangu. Mtaani wanamwita Fundi Barafu, kwa sababu anatengeneza friji. Karakana yake iko nyuma ya jengo tunaloishi, chumba kimoja chenye harufu ya gesi na mpira, na humo friji zimejipanga zikisubiri kama wagonjwa kwenye benchi. Akimaliza kutengeneza friji haitoi. Anaweka ndani bilauri ya maji, anafunga mlango, anaiwasha, anaiacha mpaka kesho yake. Maji yakiganda, mwenye mali anaitwa. Yasipoganda, anaifungua tena bila kinyongo. Wateja wanamgombeza: "Fundi, si hii inanguruma vizuri tu?" Naye anajibu, "Hiyo ni sauti. Tusubiri barafu." Ndugu zangu wanamcheka kwa tabia hiyo. Mimi ndiyo iliyonifanya nimpende.

Kabla yangu alikuwa na mke mwingine, na wana binti ambaye sasa ni mtu mzima, anajitegemea katika mji wa mbali. Miaka ile mume wangu alikuwa akifunga vyumba vya baridi kwenye machinjio na maghala ya samaki. Kila alipokwenda kumwona mtoto, simu ililia: chumba fulani kimeacha kupoza, nyama inaharibika. Naye aliinuka, chakula kikiwa mezani na mtoto akiwa katikati ya sentensi. Binti amekua akimjua baba yake kwa mgongo.

Sasa walikuwa wakipigiana simu, kama unaweza kuyaita yale maongezi. Hujambo, sijambo, kazi, iko, halafu wanasikilizana wakipumua. Siku moja binti akataka kukata haraka, akasema kuna mchezo wa kompyuta unamsubiri. Mchezo wenyewe ni wa watu wawili wanaosindikiza msafara jangwani, huku majambazi wakiwashambulia. Mmoja akitoweka, mwenzake anazingirwa na kuuawa. Mume wangu akauliza maswali mengi mno, mpaka binti akamwambia, nusu utani, "Njoo tucheze basi, kama utaweza. Jumapili mchana huwa niko."

Mwanamume akakata simu akabaki ameishika kifuani.

Kompyuta ya zamani tuliyokuwa nayo ilishindwa hata kuufungua mchezo wenyewe. Akaamua kuunda mpya kwa mikono yake, kipande baada ya kipande, kwa kuwa hawezi kuamini kitu ambacho kimefungwa na mtu mwingine. Alisoma wiki nyingi. Kilichomsumbua kuliko vyote ni memori. Alinielezea hivi: ile sehemu ni kama meza ya jikoni. Unachokipika sasa hivi kiko mezani, vingine vyote viko kabatini. Meza ikiwa na mguu mmoja mbovu, utapika vizuri tu, utakata vitunguu, utachambua mchele, halafu kishindo kidogo na vyote viko chini. Ubaya wake ni kwamba kompyuta yenye memori mbovu inawaka kama kawaida. Inanguruma vizuri. Inakuja kukuangusha katikati ya shughuli.

Tulizunguka madukani pamoja. Katika duka la kwanza muuzaji alikuwa anajisafishia kucha kwa pembe ya kipande cha memori, kisha akakifuta kwenye suruali akatuonyesha hichohicho. "Hii moto sana, mzee. Inatoa rangi saba." Mume wangu akamuuliza inaelewana na ubao gani mkuu, ule unaobeba vipande vyote vya kompyuta. "Yoyote!" Akauliza ikianza kukosea wanabadilisha? Yule kijana akacheka mdomo wazi, nikaona bazoka lote alilokuwa akitafuna. Nilisonya, tukatoka.

Duka la mwisho lilikuwa la mama mmoja mkimya. Mume wangu alikuwa na orodha kutoka kwa watengenezaji wa ule ubao mkuu, ya memori walizojaribu wenyewe. Akachagua jozi moja iliyokuwemo, vipande viwili vilivyofungwa pakiti moja kiwandani, kwa sababu vilipimwa pamoja na havifai kuchanganywa na vya kwingine. Nyeusi, hazina taa, hazina nakshi. Ila zina dhamana ya kudumu, na kasi yake ni ya kawaida ambayo ubao unaibeba bila kulazimishwa. Yule mama akazifunga kwenye karatasi akasema, "Watu hawazitaki hizi. Hazionekani." Mume wangu akamshukuru kana kwamba amesifiwa.

Akaziweka, akaendesha ile programu ya kupima memori kutwa nzima. Hakuna kosa hata moja. Barafu iliganda.

Hapo ndipo akaingia kaka yangu.

Kwetu anaitwa Injinia, kwa sababu utotoni aliwahi kuipiga redio kibao ikaanza kuongea. Tangu siku hiyo hajafanya kazi nyingine ya kiufundi, lakini hakuna kitu asichokijua. Jumapili huja kula kwetu. Mkono wake ni wa birika, hajawahi kuja hata na ndizi. Ile Jumapili alikuja na boksi, na kaka mtu akija na boksi ungedhani familia nzima ingeshtuka. Tukafurahi! Akachungulia kompyuta kupitia kile kioo cha ubavuni, akaona memori nyeusi, akapiga kelele: "Shemeji, huu ni msiba au mchezo? Nimekuletea zawadi." Akatoa kipande cha memori chenye taa. Kidole chake kilikuwa bado kina mafuta ya kuku, na kwa kidole hicho akakishika palepale kwenye vile vijino vya dhahabu vinavyoingia kwenye ubao, akafungua kompyuta mwenyewe, akakisukumiza kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Mafuta ya kuku!

Kompyuta ikawaka. Taa zikacheza bluu, zambarau, kijani. Mama yangu, ambaye siku hiyo alikuja kula naye, alipiga makofi. Mume wangu alifungua mdomo, najua alitaka kusema hazichanganywi, najua alitaka kusema ngoja kwanza nikipime. Akaufunga. Utapimaje zawadi ya shemeji yako mbele ya mkweo? Ni sawa na kuihesabu hela mbele ya anayekutunza. Akasema, "Ahsante sana, shemeji," na Injinia akajiongezea paja.

Jumapili iliyofuata wakacheza mara ya kwanza. Nilikuwa napiga pasi chumba hichohicho. Spika zilikuwa wazi, nikamsikia binti akicheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwenye simu. Walikuwa wamekaribia kisima, majambazi wamewazunguka, baba anapiga kelele "Nakuja, nakuja!" na kioo kikawa bluu. Maandishi meupe. Alipofanikiwa kuiwasha tena, binti alikuwa ameshauawa na ameondoka.

Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu, alipopiga simu kujieleza, binti akamkata kauli kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Usijali. Nimezoea ukiondoka katikati." Halafu akaongeza kwamba Jumapili ijayo atajaribu naye mara ya mwisho, kwa sababu kuna mtu mwingine anaomba nafasi hiyo.

Wiki ile mume wangu hakula vizuri. Alibadilisha nyaya. Alifuta vumbi lisilokuwepo. Alizing'oa zile memori zake nyeusi, maskini, akazisugua kwa spiriti, akazipima upya moja moja, zikatoka safi, akazirudisha, akazing'oa tena. Jumamosi nilimkuta amezishika kiganjani anazitazama kama watoto waliosema uongo.

"Umepima kila kitu?" nikamuuliza.

"Kila kitu."

"Na hicho chenye taa?"

Akatazama pembeni. "Hicho ni cha shemeji."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Mke wangu, kesho atakuja. Kila akija anachungulia kwanza kioo, anasema taa zangu hizo. Nikimtolea nitamwambia nini?"

Hapo nikapandwa na hasira. Mtu ambaye hatoi friji ya jirani bila kuipima yuko tayari kumpoteza mwanawe kwa kuogopa uso wa Injinia! "Kama wewe huwezi, mimi ni dada yake," nikamwambia, na nikakichomoa mwenyewe. Mume wangu akakishika kwa ncha za vidole, akakiweka peke yake, akaanzisha programu. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Mistari myekundu ikaanza kuteremka, mmoja, kumi, kioo kizima.

Tukachomeka kisu kwenye kile kifuniko chenye taa kikabanduka kwa sauti ya plasta kwenye kidonda. Ndani kulikuwa na gundi ya manjano, bado inanata. Vidude vyeusi vilikuwa vimesuguliwa maandishi yake ya awali na kupigwa mapya, herufi zimepinda. Kimoja kilikuwa na ufa. Na ndani ya gundi, umelala umejikunja, unywele mrefu wa mtu. Mashuka ya hospitali nayafua na kuimba. Ule unywele ulinichafua roho mpaka nikaenda kusimama dirishani.

Jumapili Injinia akaja, akachungulia kioo kabla hata ya kuvua viatu. "Taa zangu ziko wapi?"

"Kaa mezani, kaka. Nimekuwekea."

Nikamletea sahani iliyofunikwa. Akajifuta mikono, akameza mate, akafunua. Kipande chake kilikuwa humo, uchi, na gundi na unywele wake.

Nilitegemea ashtuke. Nilitegemea aseme, jamani nimetapeliwa. Ningemsamehe. Badala yake akatabasamu lile tabasamu la upande mmoja. "Kumbe mmefungua? Si ziliwaka lakini? Mimi nilijua ni mambo ya kupita. Mtu mzima na michezo ya kompyuta! Nikasema huyu atachoka hata kabla haijaanza kumsumbua."

"Ulijua ni mbovu?"

"Rafiki yangu ndiye anazifunga. Zinauzika sana. Kwanza kama hamzitaki nirudishieni, kuna mtu anataka kumfungia mwanawe."

Alisema hivyo huku anavuta bakuli la mchuzi. Tumbo moja tulizaliwa na huyu mtu, na nilimtazama midomo yake inayong'aa nikatamani kunawa. Nikaondoa bakuli. Nikaondoa na mkate. "Utakula kwa huyo anayezifunga," nikasema. Akaanza kupandisha sauti: eti nimemdhalilisha, eti kwa ajili ya mtoto wa mwanamke mwingine.

Mume wangu alikuwa chumbani, saa ya mchezo imefika. Alitokea mlangoni. Nilidhani atakuja kumtuliza, kama siku zote. Akamtazama shemeji yake, akasema, "Shemeji, nina mgeni," na akafunga mlango. Injinia akavaa viatu vyake. Kile kipande alikitaka, sikumpa. Nilikivunja kwa nyundo ya nyama mbele ya macho yake.

Kisha nikaenda kusimama nje ya mlango wa chumba, sahani bado mkononi. Wanasikika. Baba hajui kupiga shabaha, binti anamkaripia. Wamefika kisimani, pale palipokuwa panawaangusha. Wamezungukwa. Kompyuta haikuzima.

Ikalia simu.

Simu yake ya kazi, ule mlio wake wa siku zote. Nikachungulia. Ilikuwa mezani karibu na mkono wake, jina la ghala moja la samaki liko juu, lile analolihudumia tangu miaka ile, kubwa kuliko wateja wake wote. Mikono yake ikasimama. Upande wa pili binti naye nadhani aliutambua ule mlio, maana amekua nao.

"Simu yako hiyo," akasema.

"Naisikia."

"Huendi?"

Simu ikaendelea kulia. Mume wangu alikuwa amekunja uso, jasho linamtiririka shingoni, macho hayabanduki kwenye kioo. "Tumalize kwanza," akasema. "Samaki watasubiri."

Ililia mpaka ikakata yenyewe. Kwenye spika ikasikika pumzi ndefu, na sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

"Haya, baba. Pita kushoto, mimi nakulinda nyuma."