Ntabaza na kitabu cha kampuni ya gesi

Emerance ndiye aliyenipa habari, tuko bombani, madumu yetu kwenye foleni.

"Mama Mutoni, umesikia? Mzee Ntabaza anaenda kuwa mukubwa kwa gaz. Banasema kampuni sasa ni ya taifa kabisa, na bale bote balianza nayo bataingia kazi ya kudumu. Atapewa hata shofere."

"Shofere wa kumupeleka wapi?" nikamuuliza. "Kutoka kwake mupaka ziwani ni ngazi tupu."

"Basi atamubeba mugongo."

Tulicheka, lakini mimi moyoni nilifurahi. Ntabaza ni jirani yangu hapa Cyangugu, ukuta wake na wangu ni mmoja. Tangu mke wake afe, nikipika maharage huwa nampitishia bakuli, na mume wangu Protais hujifanya haoni. Hao wawili hawasalimiani, na sababu ni hiyo hiyo gesi.

Ntabaza alizaliwa Congo, kama wengi wetu huku, akarudi Rwanda akiwa kijana mwenye nguvu. Hakuwa na shamba wala diploma, alijua kupiga kasia tu. Akaingia ekipe ya Bizimana. Ekipe ya kuvua sambaza, dagaa wa ziwa letu, ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na wanaume kumi na wawili ndani yake. Mkubwa wao ni mmoja, na lolote ekipe inalopata hutajwa kwa jina lake. Mpiga kasia hasemi "mimi nimeona samaki". Anasema "Bizimana amepata". Anayesema "mimi" anaonekana mwenye kiburi, na mwenye kiburi wanamwacha ufukweni. Ntabaza aliishi hivyo miaka karibu ishirini. Protais pia yuko ekipe hiyo, na hata nyumbani hana desturi ya kusema "mimi".

Kuna mahali ziwani ambapo mapovu madogo hutoka chini, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Ntabaza ndiye aliyepaona kwanza, na karibu na hapo sambaza walikuwa wengi. Ekipe walipafanya siri yao.

Halafu kampuni ikaja. Siku hizo haikuwa hata kampuni, ilikuwa vijana wawili wa serikali, na chupa zao za kupimia gesi, na kamba, na mtumbwi wa kukodi. Walikula sambaza na Ntabaza kwenye sahani moja. Walimwambia gesi ikipatikana, itakuwa ya nchi nzima, watoto watasoma kwa taa yake na mama watapika bila kuni. Yeye aliyaamini maneno hayo. Mke wake alikuwa anakohoa kwa moshi mwaka wa tatu. Akawapeleka kwenye mapovu.

Walipouliza nani amepaonyesha, ili waandike, akajibu kama alivyozoea:

"Andika Bizimana."

Kampuni ikakua. Vijana wawili wakawa kumi, wakapata kontena, baadaye nyumba ya vioo, na ukutani ziwa letu limechorwa kwa rangi kama kitambaa. Walifunga maboya mekundu kuzunguka mapovu, wakakataza nyavu. Hapo ekipe ilijua siri imetoka wapi. Bizimana mwenyewe alikuwa tayari mgonjwa, wengine ndio waliomtoa Ntabaza mtumbwini. Protais alikuwa kati ya waliosema atoke. Kuanzia siku ile Ntabaza alikuwa wa kampuni tu, kibarua wa kila siku, wa kushusha chupa na kuvuta kamba. Miaka minane. Mikono yake ilichanwachanwa na kamba hadi Mutoni wangu, akishikwa naye, anaangalia viganja vile na kuvipapasa kwa kidole.

Mimi hufagia ile biro ya kampuni asubuhi, Mutoni mgongoni, kwa hiyo nilikuwepo siku Ntabaza alipokuja kwa ajili ya kontra, mkataba wa kazi ya kudumu. Alivaa shati jeupe. Aliyepokea watu ni Uwera, msichana aliyekulia Bukavu, mwenye heshima. Akamletea kiti, akafungua kitabu cha mwaka wa kwanza, akafuata mistari kwa kalamu.

"Mzee, majina ni matatu tu. Wale vijana wawili, na huyu aliyeonyesha mahali. Ameandikwa Bizimana, na ekipe yake."

"Basi niko mule."

"Uko wapi?"

"Bizimana ni siye bote. Miye njo nilibapeleka."

"Mzee, ekipe haina kadi ya utambulisho." Hakusema kwa ubaya. "Kwa nini hukutaja jina lako?"

Ntabaza alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutembea uchi.

"Ningelitajaje? Bizimana alikuwa angali muzima."

Nilikuwa nimeinama na ufagio, nikaendelea kufagia pale pale ambapo palikuwa safi. Uwera akamweleza kwamba vibarua wote waliokuja baada ya mwaka wa kwanza kazi yao inaisha mwezi huu, kwa sababu sasa kuna mashine ya kushusha chupa. Wale vijana wawili? Mmoja ni mkurugenzi Kigali, mwingine yuko ng'ambo anasoma. Nafasi ya Bizimana marehemu ingeenda kwa mtoto wake, sheria ndogo ya kampuni ilisema hivyo. Na kisima cha kwanza cha gesi kitaitwa Bizimana.

Mtoto huyo ni Byiringiro, kinyozi wa Kamembe. Akipanda mtumbwi anatapika. Wiki iliyofuata alikuja kusaini, na Ntabaza alikuwa anamngoja langoni tangu saa moja. Mlinzi alikuwa amekwisha kumkataza kuingia, maana hana kadi.

"Byiringiro mwanangu, wewe unajua nani alibapeleka."

"Minajua, Papa. Baba aliniambia."

"Sasa uwaambie."

Byiringiro alipangusa viatu vyake kwa kidole. "Niingie mule niseme baba yangu aliandikwa bongo, uongo mutupu? Na jina iko kwa kisima? Papa, niko na batoto batatu. Hata wewe ungekuwa miye."

"Ningekuwa wewe, ningekuwa kinyozi," Ntabaza akamjibu, akashuka ngazi polepole, akishika ukuta.

Bombani Emerance alinigusa bega. "Na shofere?" Nikasogeza dumu langu mbele. Alikuwa ameshasikia yote, alitaka tu kuyasikia tena kwangu.

Siku tatu Ntabaza hakufungua mlango. Bakuli nililompitishia lilirudi limejaa. Siku ya nne, mchana, akaja mwenyewe. Protais alikuwa ufukweni anashona nyavu. Kuni zangu zilikuwa mbichi, moshi umejaa jikoni, hiyo gesi ya taifa haijafika hata kwa nyumba moja ya mtaa huu. Ntabaza aliketi kwenye dumu, akampa Mutoni kidole akishike, akakohoa, nikadhani amekuja kupumzika tu.

"Mama Mutoni," akasema, "ekipe itakutana siku ya posho?"

"Ndiyo, Papa, Jumamosi."

"Bwana yako, banamusikia pale."

"Banamusikia."

"Ongea naye. Usimwambie mara akiingia, mupe chakula kwanza. Mwambie siombi kasia, wala sitaki fungu ya mutu muzima. Ile nafasi ya kumwaga mayi ya mutumbwi, ile banapatiaka batoto, kama haina mwenyewe, banipe."