Kamera Inayomtazama Bi Tunu

Saa mbili asubuhi, kwenye soko dogo nyuma ya maduka ya Kanyenye mjini Tabora, mwanamke mrefu kupita kiasi anaisogelea meza ya Bi Tunu, muuza dawa za asili. Uso kaufunika, baibui limemwishia chini kidogo ya magoti, na chini ana makubazi makubwa ya kiume.

"Shikamoo," anasema, kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wako anaendeleaje?"

"Bado hawezi kukaa, mama. Hata chakula anakula amesimama."

Bi Tunu anafunga unga wa mizizi kwenye kipande cha gazeti na kumkabidhi. Mteja anaondoka mbio, nusura aangukie beseni la nyanya.

"Baibui la mkewe," anasema Bi Tunu, mwenye miaka sitini na mmoja. "Na mke mwenyewe mfupi."

Kwenye meza hii hakuna mgonjwa. Kila mtu anamnunulia dawa mgeni aliyefikia kwake. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, aliyeuza dawa Kwihara: mteja usimuulize hali yake, muulizie mgeni, na dawa zote uzifunge namna moja, ya bawasiri isitofautike na ya kikohozi.

"Mji huu unapokea wageni tangu misafara ya pembe za ndovu," anasema. "Sijui kwa nini wote wanafika wagonjwa."

Mambo yaliharibika mwaka jana, na aliyeyaharibu ni mtu mwema. Jilala, mwenyekiti wa soko wakati huo, alifunga kamera mlingotini baada ya kuku wa Katarina, mfanyabiashara mwenzao, kuibwa. Watu walipiga makofi. Bi Tunu alipiga vigelegele.

"Nilisema sisi si wezi, tuna nini cha kuficha? Na kweli, Jilala hakuitazama ila kuku akipotea. Siku nyingine alisahau hata kuiwasha."

Kisha ukaja uchaguzi wa soko. Shigela akamshinda Jilala, akakabidhiwa muhuri, ufunguo wa choo na kamera, pamoja na picha zote za nyuma.

Haukupita muda, Shigela akawa anamjua kila aliyekunywa kahawa na Jilala wakati wa kampeni. Awadhi, muuza ndizi, akahamishiwa mlangoni pa choo. Katarina akaonywa kwamba anacheka sana na watu wasiofaa. Siku hizi akitaka kucheka anainamia tenga la kuku.

Kwenye mkutano, mzee mmoja akahoji ushuru unakokwenda. Shigela akamkata kauli: "Wewe mzee, wiki ya Idi ulikwenda kwa Bi Tunu mara tatu. Tuwaambie wenzako mgeni wako anaumwa nini?"

Mzee akakaa. Hakuna aliyeuliza tena.

"Shigela hajui lolote, gazeti langu halisemi," anasema Bi Tunu. "Lakini mtu akitishwa hivyo mbele za watu, hata aliyenunua dawa ya mafua anajiona ana siri kubwa."

Tangu siku hiyo wateja wamemkimbia. Alizoea kuuza elfu ishirini kwa siku. Juzi aliuza elfu tatu. Ikiendelea hivi, anasema, meza ataifunga kabla ya mvua.

Alipoulizwa, Shigela alisema kamera ni ya usalama. "Mtu msafi anaogopa nini?" alihoji, kisha akafunga mlango wa ofisi na kushusha pazia ili azungumze kwa nafasi.

Jumamosi wanachama watapiga kura: kamera ishuke na picha zifutwe, au ibaki. Bi Tunu anapita meza kwa meza kuwaomba watu kura. Baadhi wanamwitikia kwa kukonyeza jicho ambalo kamera hailioni.

Jilala naye amekuja kumtuliza.

"Mama, usijisumbue. Iacheni tu. Uchaguzi ujao nikirudi, nani atawagusa?"

"Na ukiondoka?"

Jilala anakuna kichwa. "Kwa hiyo hata mimi huniamini?"

"Wewe nakuamini kabisa, mwanangu," anasema Bi Tunu, akikunja gazeti jingine. "Atakayekuja baada yako ndiye simjui, wala mama yake simjui. Jumamosi uje na ngazi."