Pua ya Gari la Kanisa

Habari ya gari lile niulizeni miye, wengine watanipamba bure. Naitwa Anatole, mtu wa Uvira, Kongo. Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, niliingia mwaka 1998, na kwa miaka minne nilikuwa dereva wa gari la kanisa letu. Lilikuwa kuukuu, la kabureta, tukaliita Shangazi kwa sababu lilinung'unika kila likiona mlima. Kanisa lililinunua kwa kazi moja tu: kupeleka wagonjwa hospitali ya mjini Mbarara. Kabla ya hapo tuliwabeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti cha mabegani, na wengine walikata roho njiani. Ndiyo maana siku ya kunipa ufunguo waliniita mbele ya kanisa, wazee wakaniwekea mikono kichwani.

Mwezi wa saba 2008, Shangazi akaanza kukosa pumzi kwenye kilima cha Masha. Nikampeleka Mbarara kwa fundi Gatete, mwenye gereji ng'ambo ya mto Rwizi, upande wa Nyamitanga. Gatete akafungua boneti, akasogeza kiganja juu ya injini, akakitoa haraka.

"Ssebo, bwana, hii injini napumua hewa moto," akasema. "Tukate boneti, tuweke pua. Ipate hewa baridi ya nje."

Pua alikuwa nazo tatu, zimetolewa kwenye magari mabovu. Ya kwanza ilikuwa ganda tupu la kubandika, haina tundu, pambo la vijana. Ya pili ilikuwa fupi, bapa, mdomo wake umegeukia nyuma kwenye kioo. Ya tatu, jamani, acheni tu. Ndefu, nyekundu, mdomo wazi kwa mbele, imetoka kwenye gari la mashindano.

"Chukua hii ya nyuma," Gatete akasema. "Hewa naingia, mvua hapana. Hii ya mbele takunywa maji yote. Wewe nabeba wagonjwa, si mashindano."

Alinieleza polepole, mara mbili. Nilielewa, mtu asije kunitetea kwamba sikuelewa. Lakini kule Endiinzi kulikuwa na tajiri mmoja wa ng'ombe mwenye pikapu yenye pua kama ile ya tatu, akipita sokoni kila mtu anageuka. Na miye mkimbizi, nani aligeuka kuniangalia? Nikajiona naingia uwanja wa kanisa Jumapili. Nikamwambia aweke ya mbele. Gatete akachukua mkasi wa bati.

Nilipofika kambini, Mama Annonciata, mkubwa wa kamati ya gari, alizunguka Shangazi mara mbili.

"Anatole, hii kitu njo fundi alichagua?"

"Njo yeye, mama. Alisema bila hii moteri itakufa."

Uongo huo niliutoa bila hata kumeza mate. Yeye, mama wa watu, akaomba kanisa limwombee fundi.

Kiangazi kilinipa kichwa kikubwa. Shangazi alipanda Masha bila kunung'unika, watoto wakaja kupapasa ile pua, na miye nikawa naosha gari hata likiwa safi. Pumbavu kabisa.

Mwezi wa tisa mvua zikarudi. Siku moja asubuhi nikaitwa kumchukua Sidonie, mke wa Rutayisire muuza maharage. Mtoto wa kwanza, uchungu siku ya pili, na muuguzi alisema mtoto amelala upande, lazima mama apasuliwe Mbarara, tena haraka. Chini ya kilima cha Masha mvua ikatukuta. Ilikuwa ya kumwagwa. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nikafungua boneti. Filta ya karatasi ilikuwa imelowa kama mkate ndani ya chai, na kabureta imejaa maji.

Rutayisire akatoa kichwa dirishani. "Ndugu, iko nini?"

"Mvua," nikajibu.

Nikakimbia kwenye migomba, nikapiga kelele kwa Kinyankore changu cha kuokoteza. Wanaume sita wakatoka na engozi, ambayo ni kipoyi kwa lugha yao. Wakamweka Sidonie, wakambeba matopeni wakibadilishana mabega, akilia jina la mama yake. Miye nyuma na mfuko wa nguo za mtoto. Gari tulilonunua ili mtu asibebwe tena, nililiacha kando ya barabara na pua yake juu. Kwenye barabara kubwa pikapu ya matoke ikatuchukua.

Mtoto alitoka kimya. Wakamhangaikia muda mrefu, ndipo akalia. Mama pia akapona. Nilikuwa nimekaa kwenye korido na nguo mbichi, na niliposikia kile kilio nilitaka ardhi inimeze.

Nilingoja matusi. Hayakuja. Siku ya kumtoa mtoto nje, mbele ya kanisa zima, Rutayisire akasimama.

"Huyu ndugu alikimbia mu mvua kama mwenda wazimu," akasema. "Bila yeye ningezika batu babili. Mutoto wangu anaitwa Anatole."

Watu wakapiga makofi. Mama Annonciata akafuta machozi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwomba pasta dakika chache za kusema ukweli, na pasta akanipa. Nikasimama. Nikasema, "Asanteni," nikakaa.

Ufunguo niliurudisha wiki iliyofuata, nikasingizia mgongo.

Sasa ni 2015, na Anatole mdogo ana miaka saba. Juzi alikuja kwangu na daftari. Mwalimu amewaambia kila mmoja aandike habari ya jina lake.

"Baba alisema nikuulize weye," akasema. "Niambie vile uliniokoa."

Alikuwa ameshika kalamu, ananingoja. Nikamwambia aandike kwamba siku ile mvua ilikuwa nyingi sana.