Kisu cha Ulanzi

Baba yangu alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mwanzi, na katika vilima vyetu vya Kilolo hakuna aliyekuwa na kisu kikali kama chake. Mvua za kwanza zikianza, naye alianza. Alikata ncha ya mwanzi mchanga, akaufungia mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu cha kukingia, kisha kila asubuhi na kila jioni alirudi kukwangua utando mwembamba juu ya lile jeraha. Kazi yote ya mgema ni hiyo. Jeraha likiachwa linafunga na mwanzi unakauka. Likikwanguliwa linatoa, na kadiri unavyolikwangua ndivyo linavyotoa.

Naeleza haya kwanza kwa sababu baba alinitibu mkono kwa elimu hiyo hiyo, na hakuwa na nyingine.

Chunjua ya kwanza ilinitoka nikiwa na miaka kama kumi na mmoja, katika miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Ilikaa juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ngumu, imepasukapasuka kama ganda la mti mzee. Ilipofika wakati wa kuvuna mahindi zilikuwa nane. Nadhani niliambukizwa na binti jirani, tuliyekuwa tukipukuchua naye mahindi kwenye ungo mmoja, maana mikono yake ilikuwa nazo tele. Lakini pale kwetu walisema nimeshika chura. Wasichana wenzangu walikataa kunishika mkono kwenye michezo. "Kaa na chura wako huko!" walinipigia kelele, na mmoja alinitupia udongo usoni.

Katika miaka mingine ningeachwa tu nazo. Mwaka ule padre aliyekuja kwetu mara moja kwa mwezi alikuwa amenichagua kwenda shule ya bweni ya masista, Iringa. Nyumbani hapakuwa na mtu ajuaye kusoma. Barua za ndugu zake mama kutoka Mbeya zilisomwa na katekista mbele ya majirani, na siri zetu zikawa za kilima kizima. Baba alikuwa ameapa kwamba mimi ndiye nitakayezisoma. Mimi nilitaka shule ile kuliko nilivyotaka kula.

Basi siku moja baada ya ibada katekista akamwambia baba, "Masista hukagua kichwa, meno na mikono. Mwenye ugonjwa wa ngozi hupandishwa lori lile lile lililomleta."

"Hata chunjua?" baba akauliza.

"Ngozi ni ngozi."

Katekista hakuwa amemwuliza mtu. Alisema kama wasemavyo watu wanaoona haya kusema sijui. Nimekwisha kumsamehe, kwani ndiye aliyenifundisha herufi.

Aliyeanza ni shangazi, dada yake baba, aliyekaa nasi baada ya kufiwa na mumewe. Alivunja tawi la mnyaa akanidondoshea maziwa ya mti huo kwenye kila chunjua. Yaliunguza ngozi nzima iliyozizunguka, chunjua zenyewe zikabaki. Kisha akang'oa nywele za mkia wa ng'ombe, akazifunga kwenye shingo ya ile kubwa na kukaza kila asubuhi mpaka kidole kikawa cheusi. Mama ndiye aliyezikata zile nywele. Shangazi alimtukana mama, na nilidhani yameisha kwa matusi hayo.

Mvua zikaja. Asubuhi moja baba alirudi kutoka kwenye mianzi, kisu bado kimelowa ulanzi, akaniita uani.

"Chunjua ina mizizi," alimwambia shangazi, kana kwamba mimi sipo. "Inakunywa damu. Ikikwanguliwa asubuhi na jioni itatoka damu yote, ikauke. Tuna wiki tatu."

Shangazi alinikalia mapajani, akakishika kifundo cha mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Sali," akaniamuru. "Salamu Maria kumi, na kumi zikiisha tumemaliza."

Baba hakuwa na hasira. Nataka hilo lijulikane. Alikwangua kwa uangalifu ule ule aliokuwa nao kwenye mwanzi, kichwa kimeinama, ulimi umebana kwenye meno. Kisu kilichukua ganda la juu, nikasema Salamu Maria ya kwanza. Kikafika kwenye nyama, nikasema ya pili kwa kupiga mayowe. Ya tatu sikuimaliza. Nilimwuma shangazi begani mpaka nikaonja damu yake, naye akanipiga kofi, akaendelea kuhesabu kwa niaba yangu. Damu ilitiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Baba alikifuta kisu kwenye majani, akaenda zake shambani.

Jioni alirudi. Kesho yake asubuhi alirudi. Nilijificha kwenye ghala la mahindi, wakanitoa kwa kunivuta miguu. Nilijifunza sauti ya kisu kikinolewa kwenye jiwe, na hata leo mtu akinoa kisu karibu nami hutoka nje.

Siku ya sita mama alisimama kati yetu. Mama alikuwa Mnyakyusa, amezaliwa milimani upande wa Mbeya, na Kihehe chake shangazi alikicheka kila siku. Lakini alimtazama baba usoni.

"Baba, tazama mkono wa mtoto. Zilikuwa nane."

"Najua kuhesabu."

"Basi hesabu."

Baba hakuhesabu. Mama akaushika mkono wangu, akazihesabu yeye, kwa sauti, moja moja, mpaka ishirini na tatu. Zilikuwa zimeshuka kando ya njia ya damu, kuelekea kifundoni, ndogondogo kama punje za ulezi.

"Wewe ni mgema," mama akasema. "Mwanzi ukiukwangua unafanya nini? Unakauka, au unatoa?"

Shangazi akacheka. "Sikiliza mla ndizi, anawafundisha Wahehe ulanzi!"

Naamini baba alikuwa ameelewa kabla ya kicheko kile. Niliuona uso wake. Lakini dada yake alikuwa amecheka, na mkewe alikuwa sahihi mbele ya mtoto, na hivyo viwili kwa pamoja vilimshinda. Alimpiga mama kwa ngumi. Mama akaangukia mafiga, chungu cha maharage kikamwagika, naye akainuka na jino mkononi. Hakulia. Alilifunga jino lile kwenye pindo la kanga yake, kama mtu anayetunza ushahidi.

Kisu kiliendelea.

Wiki ya pili mkono ulivimba, ukaanza kutoa usaha. Shangazi akasema sasa mizizi inaoza, kilichobaki ni kuifunga kwa moto. Alichukua waya wa gurudumu bovu la baiskeli, akauweka kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu. Baba ndiye aliyenishika safari ile. Nakumbuka sauti, kama ya mafuta yanapodondokea moto, na harufu ya nyama, na kwamba kilichonitia hofu zaidi ni kutambua kuwa harufu ile ilinipa njaa. Kisha sikumbuki.

Baada ya Krismasi baba alinipeleka Iringa. Tulipanda lori la mahindi kule Ilula, mkono wangu umefungwa kwa kitambaa cha kanga ya mama, nami nimeuficha chini ya mtandio. Njia nzima baba aliongea na dereva juu ya binti yake anayekwenda kusoma.

Masista walitukagua uani, mstari mmoja wa wasichana, wazazi wamekaa ukutani. Sista mmoja mrefu, Mzungu aliyesema Kiswahili cha polepole, alifungua kitambaa. Wasichana wa kulia na kushoto kwangu walirudi nyuma kwa sababu ya harufu. Yeye hakurudi nyuma.

"Hiki ni nini?"

"Chunjua, sista," nikasema. "Lakini tunazitoa."

"Chunjua!" Alishika mkono wa msichana wa kwanza kwenye mstari, akauinua juu. Ulikuwa na chunjua tatu. Akainua wa mwingine, mbili. "Nusu ya watoto wangu wanazo. Ninyi mnadhani nawafukuza kwa chunjua? Nani amefanya hivi?"

 Baba alikuwa ukutani, hatua kumi tu kutoka pale, kofia yake mapajani. Nilisubiri asimame. Hakusimama.

"Ningekupokea na chunjua mia," sista akasema, kwa hasira ambayo haikunielekea mimi. "Kidonda hiki siwezi. Nenda hospitali leo, si kesho. Mkono ukipona, njoo mwakani."

Nafasi yangu alipewa binti wa mtu wa Ilula, papo hapo.

Hospitalini dresa, yaani mfunga vidonda, alinyanyua ngozi iliyokufa kwa mkasi. Alituambia kwamba tungechelewa siku tatu zaidi angekata kidole, labda na kiganja. Alikiokoa. Lakini moto wa shangazi ulikuwa umefika kwenye kano, na kidole cha shahada kikabaki kimenyooka, hakikunjiki, mpaka leo ninapoandika.

Tulirudi nyumbani. Mama aliuona mkono, akasikia habari ya mstari ule wa wasichana wenye chunjua, akaingia ndani kufunga mzigo. Shangazi akasimama mlangoni. "Unampeleka wapi mtoto wa kaka yangu?" Mama akachukua mchi. Hakuuinua. Aliushika tu, akamwambia, "Wifi, pisha." Shangazi akapisha.

Kwa mama yake mama, kwenye migomba na ukungu wa Mbeya, nilikaa karibu mwaka mzima. Bibi alikuwa na dawa moja. Kidonda kilipofunga, alilaza upande wa ndani wa ganda la ndizi mbivu juu ya chunjua zilizobaki, akafunga kitambaa safi juu yake, akabadilisha kila siku mbili.

"Bibi, zitatoka lini?"

"Ukiacha kuniuliza."

"Na nikiona hazitoki?"

"Usitazame. Unatazama nini? Umeziposa?"

Ilipofika baridi ya Juni tulifungua kitambaa, na mkono ulikuwa laini. Zilikuwa zimekwenda zenyewe, bila kuaga. Wajukuu wangu waliosoma wananiambia kwamba ni kirusi, kwamba hukaa katika ngozi na kwenye ncha ya kisu, na kwamba mara nyingi mwili wenyewe hukifukuza kwa wakati wake. Pengine ganda la ndizi lilisaidia. Mimi naamini dawa ya bibi ilikuwa kitambaa, maana kilizuia watu. Hata hivyo namshukuru Mungu kwa migomba.

Tulirudi Kilolo mvua zilipoanza tena, ili nijiandae kwa shule. Tulimkuta baba peke yake. Shangazi alikuwa ameolewa upya Madibira. Uani hapakuwa na wanywaji, na jicho moja la baba lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

Jirani mmoja akatueleza, akicheka. Chunjua zilikuwa zimemtoka baba, mkono wa kulia, ule ulioshika kisu. Naye alikuwa amezikwangua, zikatoa. Watu walipoona mikono ile ikiwamiminia ulanzi, walihama. Mtu mmoja alisimama katikati ya wenzake akapaza sauti, "Jamani, huu si ulanzi wa mwanzi, huu kagema vidole vyake!" Baba akamrukia. Walipigana kwa magongo mpaka mtu yule akavunjika mkono na baba akapasuka uso.

Nilipoingia kumsalimu, baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, kisu kwenye goti. Alinyoosha mkono wa kulia. Ulitisha.

"Mwanangu, kwa mkono wa kushoto siwezi. Nikwangulie."

Nilikichukua. Nimekuwa mwalimu wa dini kwa miaka mingi, nimefundisha watoto kusamehe, na sitasema uongo katika ukurasa huu: nilikuwa nimekiota kisu kile kwa mwaka mzima. Nilikibana kati ya dole gumba na kidole cha kati, kwa kuwa cha shahada hakikukunjika, nikakata. Sikukwangua. Nilikata mpaka chini. Damu ikaruka magotini pake, naye akashtuka mwili mzima, meno yakagongana.

"Sali, baba," nikamwambia. "Salamu Maria kumi."

Aliniangalia. Kisha akakitazama kidole changu kilichosimama peke yake kando ya mpini, na nadhani ndipo alipokiona kwa mara ya kwanza.

"Ilikuwa hivi?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Asubuhi na jioni."

Hakusema samahani. Wanaume wa umri wake hawakuwa na neno hilo kwa mtoto. Alibaki na mkono umenyooka, damu ikidondoka, akisubiri niendelee. Alikuwa tayari niendelee. Nikaona kwamba nikikata ya pili sitaacha, wala yeye hatanizuia, na kwamba hiki kinachotoka moyoni mwangu hakitakauka kwa kukwanguliwa. Nikakichomeka kisu kwenye nyasi za paa, juu, asikoweza kufika bila kusimama. Nikamwita mama alete kitambaa. Alileta, akasimama mbali. Nilimfunga mwenyewe.

Mwaka mpya baba alinipeleka tena Iringa. Sista yule yule aliutazama mkono wangu, akaugeuza.

"Kunja kidole."

"Hakikunjiki, sista."

"Utaandikaje?"

Kabla sijajibu baba alikuwa amesimama kutoka ukutani, kofia mkononi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. "Ni mimi, sista," akasema mbele ya wazazi wote. "Mwaka jana uliuliza nani."

 Sista alinipa kalamu. Niliibana kati ya dole gumba na kidole cha kati, kama nilivyoshika kisu, nikaandika jina langu. Lilikuwa limepinda, lakini lilisomeka. Akaniambia nipeleke mzigo wangu ndani.